Gumzo la ukoo: nani anaweza kumkatalia Elon Musk?

Kaka: Shikamooni wazee wangu. Nimeitazama tena video ya tarehe 13 Oktoba 2024, ambapo sehemu ya chini ya Starship, roketi ya kampuni ya Elon Musk iitwayo SpaceX, yenye urefu wa takriban mita 70, ilirudi kutoka angani na kudakwa na mikono miwili ya mnara uleule ilipoondokea. Naomba leo tulimalize suala la Musk huyu, kwa maana kila tukikutana tunaliacha njiani. Mimi nasema ana kipaji kikubwa, na wanaomwita mzembe hawajui kazi hiyo ilivyo ngumu.

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Akili yake sijaikana hata siku moja. Ninachokataa ni kuifanya akili kuwa ruhusa ya kuhatarisha watu.

Baba Mkubwa: Marahaba. Dada, mimi niko upande wa kijana, na ningependa tuanze na mwaka 2008, kwa kuwa wengi humhukumu kwa mambo aliyoyafanya akiwa tayari ni tajiri mkubwa. PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni aliyokuwa na hisa ndani yake, ilipouzwa kwa kampuni ya eBay mwaka 2002 kwa dola bilioni 1.5, mgawo wake ulizidi dola milioni 100. Angeweza kukaa akala mali yake, lakini aliimimina katika SpaceX na baadaye Tesla, kampuni ya magari ya umeme. Roketi yake ya kwanza, Falcon 1, ilishindwa mwaka 2006, ikashindwa 2007, na ikashindwa tena Agosti 2008. Mara hiyo ya tatu, injini iliyokwisha kuzimwa ilibaki na msukumo kidogo, hivyo sehemu ya chini, baada ya kuachana na ya juu, ikaifuata na kuigonga. Walichokifanya ni kurefusha muda kati ya kuzima injini na kuzitenganisha sehemu hizo mbili, na wiki nane baadaye, tarehe 28 Septemba, roketi ya nne ikafika katika mzingo wa dunia. Kabla ya mwaka kwisha, NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ikawapa mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo kwenye kituo cha anga za juu. Mzembe hasomi kosa lake kwa utulivu wa namna hiyo.

Mimi: Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Shangazi. Mfano huo naupenda, lakini tuutazame vizuri. Roketi zile hazikuwa na mtu ndani, na ziliondokea katika kisiwa kidogo cha Visiwa vya Marshall. Kujifunza kwa kuvunja ni njia halali ikiwa kinachovunjika ni chako. Wasiwasi wangu unaanza pale njia hiyohiyo ilipohamishiwa barabarani.

Shangazi: Hapo ndipo penye kidonda changu. Nimefanya kazi miaka mingi katika wodi ya majeruhi, kwa hiyo habari za Autopilot ya Tesla, mfumo wa kumsaidia dereva kuendesha gari, siwezi kuzisoma kama habari za mashine. Mfumo ule ulifikishwa kwa wateja mwaka 2015. Mwaka uliofuata, huko Florida, gari lililokuwa likiendeshwa kwa mfumo huo liliingia chini ya tela la lori lililokuwa linakatiza barabara, na dereva akafariki. Bodi inayochunguza ajali za usafiri nchini Marekani ilimlaumu dereva kwa kuutegemea mfumo kupita kiasi, lakini ilisema pia kwamba mfumo wenyewe ulimruhusu kufanya hivyo.

Kaka: Shangazi, pole kwa uliyoyaona wodini, lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na karibu wote huuawa na magari yanayoendeshwa na binadamu. Ikiwa teknolojia hii inaweza kupunguza vifo hivyo, basi kuichelewesha nako kuna gharama yake, ingawa waliokufa kwa ucheleweshaji hawatajwi kwenye habari.

Mimi: Hoja yako ni nzito, kaka, na ningeikubali kama ahadi zingekuwa za kweli. Mwaka 2016 Musk alisema kwamba kufikia mwisho wa 2017 gari lingejiendesha kutoka Los Angeles hadi New York bila mtu kugusa usukani. Halikwenda. Mwaka 2019 akasema kwamba mwaka unaofuata kungekuwa na teksi zaidi ya milioni moja zinazojiendesha. Hazikuwapo. Anayeamini maneno hayo ndiye anayeondoa macho barabarani. Desemba 2023, miaka minane baada ya mfumo kuanza, ndipo Tesla ilipolazimika kurekebisha programu katika magari milioni mbili hivi ili dereva asimamiwe vizuri zaidi.

Baba Mkubwa: Katika ahadi hizo simtetei.

Mimi: Sasa linganisheni na kazi ya wanaanga. Januari 2020, kabla ya kumpakia mtu yeyote, SpaceX waliirusha roketi nzima wakijua itaharibika, ili kuthibitisha kwamba chombo cha wanaanga kinaweza kujinasua katikati ya safari. Mwezi Mei wanaanga wawili wakapaa salama. Mtu ni yuleyule na pupa yake ni ileile, ila safari hii kulikuwa na NASA mezani yenye uwezo wa kusema kwamba chombo hakiruki mpaka jambo fulani lithibitishwe. Ninaamini kazi yake bora imefanyika mahali ambapo kuna anayeweza kumkatalia.

Kaka: Boeing, kampuni kubwa ya ndege, nao walikuwa mbele ya NASA hiyohiyo, tena kwa fedha nyingi zaidi: dola bilioni 4.2 dhidi ya bilioni 2.6 za SpaceX mwaka 2014. Wanaanga waliokwenda na chombo chao Juni 2024 walirudi Machi 2025 ndani ya chombo cha SpaceX. Msimamizi peke yake harushi roketi.

Mimi: Kweli, na hapo umenipunguzia maneno. Msimamizi hazai kipaji. Lakini Aprili 2023 Starship iliporushwa, ilichimbua zege la kituo chake na vumbi likaufikia mji wa jirani. Januari 2025 nyingine ilisambaratika juu ya Visiwa vya Turks na Caicos, na ndege za abiria zikalazimika kubadili njia. Abiria wale hawakuwa mezani.

Shangazi: Wala binti wa miaka 22 aliyeuawa Florida mwaka 2019. Alikuwa amesimama kando ya gari lililoegeshwa, na dereva wa Tesla, akiwa ametumia Autopilot, alikuwa ameinama akitafuta simu iliyomwanguka. Agosti 2025 jopo la mahakama mjini Miami liliamua kwamba kampuni nayo ina sehemu ya lawama. Yeye hakununua gari lile wala hakusoma masharti yake. Kaka yangu Baba Mkubwa, nani alikuwa wa kukataa kwa niaba yake?

Baba Mkubwa: Dada, uamuzi huo sijausoma. Kijana wangu, nitumie maelezo yake usiku huu. Sitaki kumjibu shangazi yako kabla sijajua jopo lilimwekea dereva sehemu gani ya lawama na kampuni sehemu gani.