Mazoezi kabla na baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: mama aanze na nini?

Binti wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Mama yetu ana miaka 52, kilo 128, kisukari na presha, na goti la kulia linamsumbua. Amepangiwa upasuaji Dar es Salaam kwa matundu madogo, ule wa kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Zimebaki wiki sita. Ameambiwa "afanye mazoezi", basi. Yapi, kiasi gani, na akishapasuliwa aanze lini? Jirani anamshauri avae koti zito atoke jasho.

Mazoezi Tiba
Dada, koti lirudi kabatini. Jasho ni maji, uzito wake unarudi akinywa bilauri mbili. Mtu wa presha akijikausha hivyo kwenye jua la Dodoma, hasa kama anameza dawa ya kukojoa, anapata kizunguzungu na kuanguka.

Wiki hizi sita zinatafuta mapafu na miguu, kilo zitafuata baadaye. Saa chache baada ya kuzinduka atatakiwa asimame atembee, na miguu isiyo na nguvu itamwangusha. Wiki ya kwanza atembee dakika 10 asubuhi na 10 jioni, kila wiki aongeze 5 kwa kila mara mpaka zifike 30. Kasi yake: aweze kuongea sentensi nzima ila asiweze kuimba. Atoke saa 12 na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali, na apite pembeni mwa lami kwa sababu mchanga wa mitaani unalipindisha goti.

Zoezi ambalo watu hulidharau ni la kiti. Kiti kigumu kiegemee ukuta, sofa haifai. Miguu iachane upana wa mabega, ainame mbele, asimame bila kujivuta kwa mikono, kisha ashuke akihesabu moja mpaka tatu. Mara 8, apumzike dakika moja, mara 8 tena, siku tatu kwa wiki. Wengi hujitupa kitini, na kule kushuka polepole ndiko kunakojenga paja. Goti likiuma, aongeze mto mgumu kiti kiinuke.

Pumzi pia: avute kwa pua mpaka mbavu za chini zifunguke, azuie sekunde 3, atoe kwa mdomo. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni.

Wiki mbili za mwisho huwa wanapewa chakula kidogo sana ili ini lisinyae. Hapo nguvu zinashuka, abaki na kutembea tu. Kama anatumia insulini au glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari), apime sukari kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5 mmol/L asitoke mpaka ale kitu kidogo, na daktari aulizwe mapema kuhusu kupunguza dozi.

Wodi ya Upasuaji
Naongezea ya baada. Kitandani achezeshe vifundo vya miguu juu na chini mara 10 kila saa akiwa macho, damu isigande. Akitaka kuamka ageukie ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Akikohoa akumbatie mto tumboni. Mchana atembee hatua chache kila saa moja au mbili.

Nyumbani, wiki mbili za mwanzo, dakika 5 hadi 10 mara nne kwa siku. Wiki ya tatu na ya nne, dakika 20 hadi 30. Kinachowaangusha wengi ni maji. Mfuko mpya haupokei bilauri kwa mkupuo, kwa hiyo anywe funda moja moja tangu alfajiri, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na atembee na chupa. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, siku hiyo apumzike anywe. Soda na maji ya glukosi hapana.

Wiki sita asinyanyue zaidi ya kilo 5. Kidumu cha lita tano kikijaa ndiyo mwisho; ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Asimbebe mjukuu, na kusonga ugali wa sufuria kubwa awaachie wengine, kwa sababu tumbo linakaza sana. Ngozi juu ya matundu inafunga mapema, nyama ya chini bado, na utumbo ukisukumwa hapo inakuwa ngiri. Mkanda wa tumbo hauizuii. Mazoezi ya tumbo yasubiri wiki 8 na ruhusa ya mpasuaji.

Wiki ya sita, akiruhusiwa, arudie kiti, asukume ukuta, anyanyue chupa za nusu lita, siku mbili au tatu kwa wiki. Hili naliomba sana: anayekula kidogo bila kutumia misuli hupoteza misuli pamoja na mafuta. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, na yai moja lina kama 6 tu, hivyo dagaa, kuku, maziwa mgando vitangulie, ugali baadaye.

Mapigo yakizidi 120 akiwa amekaa, homa, maumivu ya tumbo yanayopanda bega la kushoto, kifua kubana au mguu mmoja kuvimba: hospitali saa hiyo hiyo.

Binti wa Nkuhungu
Mungu awabariki. Arudi Dodoma kwa basi au SGR? Na kwa maumivu ya goti amezoea kumeza diklofenaki.

Mazoezi Tiba
SGR, maana anaweza kusimama na kutembea behewani kila saa. Kama ni basi, akae kiti cha njiani, achezeshe vifundo, ashuke kila kituo. Kama amepewa sindano za kuzuia damu kuganda, amalize dozi.

Diklofenaki na ibuprofeni aziache, zinaleta vidonda kwenye mfuko wa chakula. Parasetamoli itamtosha, na goti lenyewe litapumua kadiri kilo zinavyoshuka. Akianza kupata kizunguzungu akisimama, huenda dozi ya presha imekuwa kubwa kwake: mpimeni akiwa amekaa, kisha amesimama, mpelekeeni daktari namba zote mbili. Na akitapika siku kadhaa kisha miguu ikalegea au kuyumba, msimlazimishe kutembea mkidhani ni uvivu. Vitamini B1 huwa imeisha mwilini, anahitaji sindano hospitali siku hiyo hiyo.