Santuri za baba: pleya ya mkoba, ya mtumba, au nihamishie kwenye flashi?

Mtoto wa Forest (Mbeya)
Wakuu, habari za jioni. Tangu mzee atutoke, santuri zake zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Juzi nimezitoa: Morogoro Jazz, Super Volcano, Simba Wanyika na za Kikongo, sitini na kitu. Nyingi zilichapwa Nairobi. Nataka zisikike sebuleni. Nina njia tatu: pleya mpya ya mkoba yenye spika humohumo, ya mtumba ya miaka ya 70 ambayo fundi wa Mwanjelwa anaiuza bila amplifaya, au nimpe kijana anihamishie zote kwenye flashi. Mnanishauri nini?

Kihesa Stereo (Iringa)
Chukua ya mtumba. Hizo za mkoba nyingi zina kichwa, yaani kile kinachoshika sindano, cha kauri kinachokandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi, wakati kichwa kizuri cha sumaku kinatosheka na gramu 2 hivi. Santuri isiyopatikana tena uibebeshe uzito huo kila jioni? Hapana. Kabla ya kulipa, bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, iwashe, uhesabu: mizunguko 33 na theluthi kwa dakika. Ikisuasua, huenda mkanda unaozungusha sahani umelegea, na mkanda unabadilishwa. Amplifaya nayo iwe na tundu la PHONO, lile la pleya ya santuri. Ukichomeka AUX, tundu la vifaa vingine, sauti inatoka ndogo, nyembamba, besi hamna, halafu unailaumu santuri bure.

Binti Rungwe (Tukuyu)
Kaka wa Iringa, naomba nitofautiane nawe. Mimi nina ya mkoba mwaka wa tatu sasa. Mama yangu ana miaka 74, nyaya haziwezi. Anafungua mfuniko, anaweka, anasikiliza. Kwake hiyo ndiyo pleya. Huku kwetu kilichoniharibia santuri ni ukungu. Mvua ya Tukuyu mnaijua! Zioshe kwa maji ya betri, yale ya kuongezea, SIO asidi, na tone la sabuni ya vyombo. Futa kwa kitambaa laini ukifuata mistari. Halafu zisimamishe kama vitabu, usizilaze.

Mzee wa Reli (Makambako)
Kijana wa Forest, pole kwa kuondokewa na mzee. Enzi zetu sindano ikirukaruka tuliweka sarafu ya shilingi juu ya kichwa chake. Tumeziharibu nyingi namna hiyo, usirudie. Ukikuta zile nzito zinazovunjika kama chungu, hizo ni za mizunguko 78. Zinataka sindano yake nene, na usizifute kwa spiriti, zinaharibika.
Flashi siikatai, kwenye gari inafaa. Lakini zile ndogo za 45, mara nyingi wimbo unaanza upande wa kwanza na chemko, pale magitaa yanapokolea, liko upande wa pili. Ubeti ukiisha kuna kimya, mtu anainuka, anageuza, wote mnasubiri. Chemko likiingia hapo, nyumba nzima iko macho. Kwenye simu vijana wanaruka wimbo hata gitaa la solo halijaanza.

Kihesa Stereo
Shikamoo mzee. Hapo kwenye kugeuza umenikumbusha nyumbani kabisa. Dada wa Tukuyu, kwa mama sawa, ila zile adimu mwekee kando.

Mtoto wa Forest
Mrejesho. Nimechukua ya mtumba. Mkanda kweli ulikuwa umelegea, fundi kabadilisha palepale. Nyumbani ilinguruma mpaka nilipofunga waya wa ethi wa pleya nyuma ya amplifaya. Jana usiku, baridi imekaza, mama kajifunika blanketi, nikashusha sindano. Kwanza mchakacho mdogo, kama mafuta yanayoanza kupata moto, kisha magitaa. Ubeti wa pili una mkwaruzo, santuri ikaruka. Mama alikuwa anaimba, naye akaruka palepale, bila kukosea neno.
Sasa natafuta sindano ya akiba. Kwa hapa Mbeya au Iringa zinapatikana wapi?