Upekuzi wa usiku Ilomba: hati iliyosainiwa kesho yake kituoni ina uzito gani mahakamani?

Kijana wa Ilomba
Habari zenu wakuu. Jirani yangu, tumepanga nyumba moja hapa Ilomba, Mbeya, amepekuliwa saa tatu usiku. Askari wanne, mmoja kavaa kiraia, hati ya upekuzi hakuna aliyeiona. Mwenyekiti wa mtaa aliitwa lakini alibaki koridoni pale kwenye ndoo zetu za maji, anaongea na simu. Chumba chenyewe kabati limekaa nyuma ya mlango, kutoka koridoni huoni kitu. Wakatoka na nailoni, eti "majani makavu yadhaniwayo kuwa bangi". Haikufungwa, haikuandikwa chochote, askari akaisokomeza mfukoni mwa koti. Hati ya kukamata mali imeandikwa kesho yake kituoni na mwenyekiti akaitwa huko kwenda kusaini. Kama mzigo ni wa jirani au si wake, mimi sijui. Ninachouliza: mahakama iupokee ushahidi wa hivi? Mimi nasema iutupe.

Babu wa Mwanjelwa
Duka langu lilivunjwa, kufuli zikakatwa kwa grenda. Redio na simu zangu zilipatikana kwa sababu askari waliingia kwa mtu usiku uleule. Wangesubiri hati na mapambazuko, mzigo ungekuwa umeshavuka Tunduma. Mnaolilia karatasi hamjawahi kuibiwa. Asiye na kitu ndani aogope nini? Tena polisi wana saa 48 za kumhoji, watamsikiliza. Na bangi ya mji huu inabebwa na nani kama si hao bodaboda wenu?

Bodaboda Mafiati
Shikamoo mzee. Hapo kwa bodaboda umetukosea. Wanangu wanasoma kwa pikipiki hiyo unayoisema. Abiria anapanda Uyole na begi, mimi nina mamlaka gani ya kulifungua? Tukisimamishwa anaruka, anapotelea uchochoroni, begi linabaki kwangu na maelezo yanaandikwa kuwa nimekutwa nalo. Mwenzetu wa kijiweni alilala mahabusu kwa begi la mtu. Utuombe radhi kwanza, mambo ya sheria baadaye.

Dada wa Kihesa
Kamwene wote. Babu, hizo saa 48 umezitoa wapi? Kumhoji mtuhumiwa ni saa nne za mwanzo, na kuongeza kuna utaratibu wake.

Turudi kwenye swali. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ni ya mwaka 1985, haikutungwa jana. Kifungu cha 38 kinataka hati au idhini ya maandishi, na mali ikichukuliwa itolewe risiti yenye sahihi ya mwenye nyumba na mashahidi. Cha 40 kinasema hati itekelezwe kati ya jua kuchomoza na kuzama, labda mahakama iruhusu saa nyingine. Kesi yako babu ina mlango wake, cha 42, upekuzi wa dharura pale mali inapoweza kupotezwa. Hakuna aliyekunyang'anya redio zako.

Jambo kubwa ni ile nailoni. Mahakama ya Rufani, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, ilitaka kumbukumbu za maandishi kwa mfuatano: kielelezo kilikamatwa vipi, nani alikitunza, nani alimkabidhi nani, mpaka kinachunguzwa. Baadaye ikalegeza kwa vitu visivyobadilishana mikono kirahisi. Majani makavu si mojawapo. Mkemia Mkuu wa Serikali atasema hii ni bangi, lakini hawezi kusema imetoka chumba gani. Na kifungu cha 169 kinampa hakimu nafasi ya kukataa ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria, ila ni hiari yake baada ya kupima. Huyo mwenyekiti wa kwenye ndoo hakushuhudia chochote. Kasaini uongo.

Mwenyekiti wa Mtaa
Dada, "kasaini uongo" ni neno zito sana. Mimi ni mwenyekiti na sijawahi kusaini nisichokiona. Unajua tunaitwaje? Unagongewa dirisha usiku, nje wana silaha, ukichungulia mlangoni unaambiwa kaa pembeni usivuruge kazi. Asubuhi ukikataa kusaini, unalea wahalifu. Ukisaini, vijana wanakuita msaliti. Miezi ikipita unaitwa mahakamani kutoa ushahidi, nauli yako mwenyewe, biashara umefunga. Mshahara hatuna. Mnataka tuwe shahidi huru na hata betri ya tochi hamtununulii.

Mama Soweto
Posho tena? Mwenyekiti, uliomba kura kwa magoti, hukutuambia kwamba ukweli wako unahitaji betri.

Mwenyekiti wa Mtaa
Mama, mimi sikupiga magoti kwa mtu. Njoo ugombee wewe.

Afande Mstaafu
Mnaandika mmekaa kwenye makochi. Umeme umekatika, mtuhumiwa ana panga au hana hujui, nje watu wanajaa na mawe yameanza. Hapo uandike hati kwa kalamu gani? Ndiyo maana inamaliziwa kituoni. Nimelitumikia jeshi mpaka nikastaafu na sijambambikia mtu. Waaminini askari wenu.

Mama wa Mafinga
Afande, mimi ni wa Mufindi. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo akiwa mikononi mwa askari, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Neno "waaminini" huku kwetu lina kaburi.

Afande Mstaafu
Mama, mmoja kafungwa, haki ilitendeka. Usitupake wote.

Bodaboda Mafiati
Askari mmoja akikosea tusiwapake wote, ila sisi bodaboda wote tunabeba bangi? Afande, mwambie na babu hilo.

Babu wa Mwanjelwa
Nilisema wanaobeba, sikusema wote. Aliyeguswa anajijua.

Kijana wa Ilomba
Jamani, mtu bado yuko ndani na mama yake analala kwangu. Mwenyekiti, nakuuliza kwa heshima: ukiletewa karatasi kituoni na chumba hukuingia, unaweza kuandika juu ya sahihi yako "sikuwepo ndani"?

Mwenyekiti wa Mtaa
Naweza. Lakini nikiandika hivyo, nyinyi wapangaji mliokuwa macho mtakuja kusema hayo mahakamani? Maana usiku ule milango yote ilifungwa, sivyo? Na mama Soweto hajanijibu kuhusu kugombea.

Mama Soweto
Fomu zikitoka nachukua. Tochi ninayo.