Moshi wa malori unaingia ndani, malalamiko nianzie wapi?

Habari za majukumu wakuu. Naishi Temeke, nyumba yangu na yadi ya malori tumetenganishwa na ukuta tu. Kila siku saa 10 alfajiri madereva wanawasha injini kujaza upepo wa breki, na zinaunguruma hata dakika 40 kabla ya kuondoka. Moshi wa dizeli unapita dirishani. Neti ya mwanangu nikiifua Jumapili, ikifika Jumatano ukiipitisha kidole kinatoka na masizi. Mtoto ana miaka 4 na ana pumu. Mwezi huu tumekwenda zahanati mara tatu.

Msimamizi wa yadi aliahidi, hakuna kilichobadilika. Serikali ya mtaa walipokea barua yangu, kimya. Video ninazo, zina tarehe.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinatupa haki ya mazingira safi, hilo nalijua. Nilipokwama ni hatua za kufuata. Nianze kwa afisa mazingira wa manispaa au niende moja kwa moja NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira? Na video zinatosha, au lazima moshi upimwe kwa kifaa? Aliyewahi kupitia hili naomba anielekeze.