Kuongeza RAM na SSD kwenye laptopu ya zamani, nitajuaje kama vitakubali?

mgeni_wa_madabodi:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kabla sijatupa hela. Nina laptopu ya i5-5200U, RAM GB 4 tu, na hadidiski ile ya kuzunguka, ukiiwasha unaenda kuoga unarudi bado inawaza. Nataka niongeze kijiti cha GB 8 na nichomeke SSD (diski isiyozunguka) ya M.2 maana nilipofungua mfuniko wa chini nimeona kuna kasloti kadogo kako tupu. Halafu Windows 11 imenigomea kabisa, inasema prosesa haifai, na Windows 10 nayo Microsoft walishaachana nayo Oktoba 2025, kwa hiyo nawaza kuhamia Linux, ule mfumo wa bure badala ya Windows. Sasa nitajuaje hivi vitu vitaelewana na mashine kabla sijanunua? Jamaa yangu kaniambia RAM ni RAM, ikiingia imeingia. Ni kweli?

kijiti_cha_pili:
Jamaa yako atakutia hasara 😂 DDR3 na DDR4 (vizazi vya RAM) hazikusumbui, kile kipengo cha kwenye ukingo wa kijiti kimekaa sehemu tofauti kwa hiyo haingii hata ukilazimisha (na usilazimishe). Mtego uko kwenye DDR3 na DDR3L, za laptopu zote zina pini 204, kipengo kilekile, inaingia vizuri tu mpaka inalia "tak" ila ya kawaida inataka volti 1.5 na hiyo yenye L inakula 1.35, na prosesa yako ni ya DDR3L, ukiweka ya 1.5 unaweza kuwasha ukabaki unaangalia skrini nyeusi. Soma stika ya kijiti, PC3L ndiyo yako, PC3 bila L iache. Alafu shusha CPU-Z, programu ya kusoma vifaa vya ndani, nenda ukurasa wa SPD, itakuonyesha kila sloti ina nini. Prosesa yenyewe mwisho wake GB 16, lakini kuna laptopu zina sloti moja tu na nyingine RAM imechomelewa kwenye madabodi, hapo ndo basi tena.

nilishaungua:
Mimi nije kwenye hiyo M.2 maana ilinitoa machozi. M.2 ni umbo tu mkuu, siyo aina ya SSD!! Ndani ya umbo hilohilo kuna ya SATA (njia ya zamani ya kuongea na mashine) na kuna ya NVMe (njia mpya ya kasi zaidi). Nilinunua NVMe, ikaingia, nikafunga na skrubu kabisa, bayosi (ile programu ya madabodi inayoanza ukiwasha) haiioni, nikadhani ni mbovu nikairudisha nikapewa nyingine nayo kimya, kumbe sloti yangu ni ya SATA peke yake na SSD ya watu haina kosa lolote. Kwa kawaida ya SATA ina vipengo viwili na NVMe kimoja, lakini usiamini vipengo vya sloti, tafuta manyuo (kitabu cha maelekezo) ya modeli yako kamili, ile namba iliyo chini ya laptopu siyo jina kubwa la mbele. Angalia na urefu, 2280 maana yake upana milimita 22 urefu 80, kuna sloti zinaishia 2242.
Na swali la msingi, una uhakika hako kasloti ni ka SSD? Mara nyingi huwa ni ka modemu ya laini ya simu.

pengwini_mzee:
Kwa Linux usibahatishe, weka kwenye flashi uibuti (uwashe mashine kutoka humo) bila kuinstoli kitu, hadidiski yako haiguswi. Ukiwa humo jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, bluetooth, funga mfuniko ilale kisha iamshe, hapo kwenye kuamka ndo wengi huchemka. Kama Wi-Fi haipo fungua teminali andika `lspci -k`, tafuta jina la kadi, chini yake kukikosekana mstari wa "Kernel driver in use" ujue haijapata drayva, yaani programu ya kuiendesha. Za Broadcom ndo zina visirani, baadhi zinataka drayva ya kuongeza pembeni, kwa hiyo uwe na waya wa intaneti au simu ya kuunganisha kwa USB. Na ukiwa humohumo piga `sudo dmidecode -t memory` itakwambia sloti ngapi na mwisho GB ngapi.

mgeni_wa_madabodi:
Wakuu nimerudi. dmidecode inasema sloti mbili, mwisho GB 16, stika ya kijiti kilichopo PC3L-12800S kwa hiyo natafuta cha namna hiyohiyo. Wi-Fi kwenye flashi imeshika yenyewe ila kuamka inachukua kama sekunde kumi, navumilia. Sasa @nilishaungua umeniokoa, nimesoma manyuo, kasloti ni ka modemu kweli 😅 Nafanyaje hapo?

nilishaungua:
Toa hiyo hadidiski weka SSD ya SATA ya inchi 2.5 palepale ilipokuwa, konekta ni ileile. Pima unene tu, nyingi ni milimita 7, kama ya zamani ilikuwa 9.5 weka kipande cha kujazia isicheze.