Tela moja, mizigo mitatu: turubai, mapazia au bodi?

Mwana Uyole
Wakuu, waliotangulia shikamooni. Nina kichwa cha Scania, natafuta tela la kufunikwa. Napandisha mbolea kutoka Dar hadi Mbeya, nateremka na mbao za Mafinga, na mahindi yakivunwa napakia magunia Makambako. Nimeonyeshwa flati, yaani tela bapa lisilo na kuta, la kutupia turubai; la mapazia, ambalo kuta zake ni kitambaa cha kufungua pembeni; na lenye bodi za pembeni. Mvua za kwetu mnazijua, Novemba hadi Aprili huiamini anga. Nipeni uzoefu wa barabarani, maneno ya dalali ninayo ya kutosha.

Babu wa Kitonga
Marahaba mwanangu. Flati na turubai nimelivuta miaka mingi. Kupakia hakuna shida, kreni inashusha kutoka juu, vibarua wanapandisha kwa ubavu. Adui wa turubai ni kona ya mzigo. Ubao ukichomoza kidogo tu, unasugua kutoka Mafinga mpaka Ruaha Mbuyuni, ukikagua pana tundu la kidole. Mimi tundu la namna hiyo lilinimaliza na urea. Ile mbolea inavuta maji, magunia ya pembeni yaliganda kama tofali na mwenye mzigo akanikata nauli. Tangu hapo natandika vipande vya tyubu kuukuu kwenye kila kona kabla ya turubai kupanda.

Halafu muonee huruma utingo wako. Turubai likilowa ni zito, na yeye anatembea juu ya mzigo unaoteleza. Nilimuona kijana akianguka Igawa, mkono ukavunjika. Mvua ikiwa imeshaanza, usimpandishe mtu.

Njia ya Tunduma
Shikamoo Babu. Mimi navuta la mapazia. Bidhaa zilizopangwa juu ya palleti hakuna mfano wake: unafungua ubavu mzima, folklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, inaingia, hakuna anayepanda juu. Kwa mbao sikushauri, maana la kwangu lina paa lisilofunguka, kreni haina pa kupita. Na pazia si ukuta, kaka. Magunia yakilala upande mmoja kwenye kona za mlima Kitonga, pazia linafura kama tumbo. Funga mikanda ndani kana kwamba pazia halipo.

Fundi Iyunga
Naongezea hapo. Ulaya kuna kipimo cha uimara wa tela kinachoitwa EN 12642, na la mapazia lililopimwa kwa daraja la XL ndilo limejengwa liwe imara zaidi kuhimili msukumo wa mzigo. Tela la mtumba, omba cheti chake. Kama hakipo, lihesabu ni kitambaa cha mvua tu.

Marekani wana aina nyingine, Conestoga, jina la magari ya farasi ya Pennsylvania ya karne ya 18 yaliyofunikwa kwa kitambaa. Turubai limevalishwa kwenye fremu inayojikunja kama kodiani, dereva anaisukuma kwenye reli, tela linabaki wazi juu na pembeni. Kwa mbao na mashine lingefaa sana. Ila fremu inakula upana na kimo, na folklifti ikigonga reli ikapinda, kitu hakisogei tena. Huku kwetu spea zake utazipata wapi?

Mama Magunia
Mwana Uyole, mimi ni mwenye mzigo, nipo Makambako. Upepo wa hapa unalikamata turubai legevu linapiga kama tanga, kamba zinakatika. Mahindi yangu nayapa gari lenye bodi na vyuma vya upinde juu. Gunia linashikwa na bodi, turubai linakaa kwa mgongo na maji yanateremka. Turubai bapa linatengeneza bwawa katikati, na maji yakituama yatapenya tu.

Fundi Iyunga
Na bodi ziwe za kung'oka pamoja na nguzo zake, ili mbao zipakiwe kwa ubavu. Lakini pima tela tupu kabla ya kulipa. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 ukomo ni tani 56 kwa gari na mzigo, na kila ekseli ina kikomo chake. Kilo ya chuma unayoongeza ni kilo ya mbolea unayoacha, na mizani zipo Mikumi, Wenda, Makambako, mpaka Uyole kwako.

Mwana Uyole
Ndaga fijo, asanteni sana wote. Mapazia nimeyaacha. Kesho naenda kulipima lile la bodi likiwa tupu. Babu, tyubu unazikata upana gani?

Babu wa Kitonga
Shibiri mbili, zikunjike pande zote za kona. Na uzitoboe uzifunge kwa kamba, zisidondoke njiani.