Mwaka wa pili BCom, nimeombwa kugombea uweka hazina wa chama. Nikubali?

Kijana wa Yombo

Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa pili BCom (shahada ya biashara), uhasibu, hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. GPA, yaani wastani wa ufaulu, 3.6. Wenzangu wananitaka nigombee uweka hazina wa chama chetu cha wanafunzi wa biashara. Mzee nyumbani hataki kusikia, anasema nimeletwa kusoma. Nami naogopa kushuka chini ya 3.5 nikalikosa daraja la pili la juu. Mliokwisha kupita, hivi vyeo vya chuoni vimewasaidia lolote kazini, au vinajaza CV tu?

Mtumishi Dodoma

Mdogo wangu, msikilize mzee. Mimi niliingia serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira. Usaili wa kuandika hauulizi ulikuwa nani chuoni. Unajibu maswali, jina linatoka au halitoki. Kwenye usaili wa ana kwa ana ndipo nilipotaja kwamba niliwahi kuwa mwakilishi wa darasa. Wakaitikia, tukaendelea.

Mhasibu wa Malori

Kijana, kubali. Ila nikueleze ilivyonigharimu.

Nilikuwa mweka hazina wa chama kama hicho, mwaka wa pili vilevile. Tukaandaa ziara ya kiwandani Morogoro. Watu 54, kila mmoja 15,000, jumla 810,000. Wakala wa basi nilimpa 400,000 mkononi, stendi ya Ubungo, jioni, mvua inaanza kunyesha. Akasema risiti nitaikuta ofisini kesho. Nikamwamini. Siku ya safari bosi wake akasema kwake imefika 300,000, na basi haliwashwi mpaka itimie. Wenzangu 53 wameshakaa vitini wananitazama.

Nilitoa laki moja kwenye sanduku la chama, kisha nikairudisha kidogo kidogo kutoka kwenye bumu langu, hela ya mkopo ya kujikimu, muhula mzima. Hakuna aliyenilazimisha. Lakini kwenye kauntabuku ule mstari ulikuwa wa mwandiko wangu, na safu ya namba ya risiti ilikuwa tupu. Mpaka leo nauona.

Tangu siku ile, bila karatasi hela haikutoka. Kila risiti niliibandika kwa gundi mkabala na mstari wake. Ijumaa ya mwisho wa mwezi katibu alihesabu sanduku mwenyewe, mimi nimesimama pembeni. Darasani nilikuwa nimeshajibu swali la kutenganisha majukumu, yaani mtu mmoja asishike hela na kuzihakiki peke yake, nikapata alama nzuri, na bado nilimpa mtu laki nne kizani!

Nilipomaliza chuo nikaitwa usaili kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu. Walikuwa watatu. Mama aliyekaa mwisho aliviruka vyeo vyote kwenye CV akauliza, "Ni lini hesabu zako ziligoma kufunga?" Nikamsimulia habari ya basi. Karibu robo saa aliniuliza hilo basi tu: ufunguo wa sanduku alikuwa nao nani, nani alitia saini, wanachama niliwaambia lini. Kazi nikapata. Na habari za nafasi hiyo zilinifikia kupitia yule yule katibu wa sanduku, aliyekuwa amefanya mafunzo kwa vitendo pale.

Sasa nipo kampuni ya malori, njia ya Tunduma. Dereva akirudi kufanya marejesho ya masurufu, yaani kutolea hesabu hela aliyopewa ya safari, risiti za mafuta za mashine ya kodi (EFD) zimekunjamana kwenye mfuko wa shati, namvutia kiti, tunazinyoosha moja moja mezani. Ikikosekana moja simpigii kelele. Namuuliza alijaza kituo gani, saa ngapi, hela aliipokea nani.

Hofu ya mzee ni ya kweli. Muhula ule wa ziara nilipata sapu ya takwimu, nikalazimika kurudia mtihani. Kwa hiyo chukua cheo hicho kimoja, usiongeze cha pili. Nilikuwa na wenzangu waliokaa kila kamati. Ukiwauliza walifanya nini, wanakuonyesha fulana. Na panga ratiba yako mapema, kwa sababu baada ya chuo kuna mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, Mei na Novemba, na ile inataka mtu aliyezoea kusoma akiwa na kazi nyingine mkononi.

Mtumishi Dodoma

Dada, hapo kwenye masurufu umenigusa. Huku kwetu vijana wengi wapya hawajawahi kushika hela ya mtu mwingine hata siku moja, na marejesho yao ya kwanza huwa ni mtihani.

Kijana wa Yombo

Shikamoo dada. Nimemsomea mzee haya yote kwenye simu. Akakaa kimya, kisha akauliza sanduku linakaa wapi na funguo ni ngapi. Uchaguzi ni wiki ijayo. Nikishinda, nianze na nini?

Mhasibu wa Malori

Marahaba. Usisaini chochote siku ya kwanza. Omba taarifa ya benki iliyochapishwa siku hiyo hiyo, kisha mhesabu sanduku wewe na mweka hazina anayeondoka, mlezi wa chama akiwepo. Mkikuta pungufu, iandikeni kwa kiasi chake na tarehe, nyote watatu mtie saini. Nakala moja baki nayo wewe.